Kipimo Kiko Ng'ambo ya Mlima

Mwalimu wa jiografia alikuwa amefumba macho kwenye benchi la treni, lakini masikio hayana pazia. Mbele yake mama mmoja mkulima alikuwa amemgeukia bwana mmoja mpima mvua, ambaye ulimi wake ulimponza alipojisifu kwamba mwaka huu mvua ilitosha.

“Ilitosha wapi, baba?” mama alifoka. “Maharage yangu yamekauka yakiwa kimo cha kidole!”

“Dada, taarifa ndivyo inavyosema. Tunapima kila asubuhi.”

“Mnapimia wapi?”

“Shuleni, ng'ambo ya mlima.”

“Kwa shemeji yangu! Mawingu yanamwaga yote huko, kwetu yanafika matupu. Sasa ameishika hiyo taarifa yako, anawaambia wazee wa ukoo kwamba mimi mjane ni mvivu, ninyang'anywe shamba. Kikao ni kesho. Andika kwamba kwetu haikunyesha!”

“Siwezi kuandika nisichokipima.”

“Mbona uliweza kuandika usichokiona?”

Mwalimu alifumbua macho. Kwa miaka ishirini alikuwa akichora mlima kama huo ubaoni, upande mmoja kwa chaki ya kijani, wa pili kwa kahawia, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaishi kwenye kahawia.

Treni ilisimama kwenye kituo cha upande huo wa kahawia. Mama akaukwapua mkoba wa vipimo wa mpima mvua, akashuka nao.

“Basi njoo upime!”

Bwana yule alimkimbilia huku akipiga kelele, na vumbi la kituo likawafunika wote wawili.