Sifa Joëlle, Aliyepewa Hongera Mara Mbili

Nani kati yenu hapa alishakusomewa historia ya marehemu wa siku kumi na moja? Hakuna, najua, na wazee wa avenue waliniambia hata asubui hii, "Mardochée, mutoto muchanga hasomewake, anazikwa tu, watu wanaenda," nami nikawajibu kwa heshima yote kama huyu atasomewa, tangu kuzaliwa mpaka kufa, pamoja na masomo, kazi na ndoa, vile tunasomeaka watu wakubwa, sababu mimi niko mujomba wake, na mujomba hafungiwake kinywa kwa matanga ya mupwa wake.

Marehemu Sifa Joëlle alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, hapa Kindu, commune ya Kasuku, mutoto wa kwanza wa Dieumerci, motard wa pikipiki munayemujua wote, na wa dada yangu Mamy, anayeuzaka samaki ya kukausha kwa port, na alitoka akilia kwa nguvu mpaka Mama Adolphine, infirmière wa kituo cha afya aliyemupokea, akasema, "Huyu atakuwa député wa bunge, anapiga kelele mbele ya kujua anaomba nini."

Na kwa kuwa hakuna mutu anayezaliwa bila mama, niseme pia namna mama yake alipona, sababu naye angekufa na siku kumi. Mamy alizaliwa mwezi wa kumi 1998, wakati bunduki ziliingia Kindu na watu wakavuka muto wa Lualaba kwa pirogue na sufuria kwa kichwa, na mama yetu Scholastique akamuzaa katika pori nyuma ya Alunguli, juu ya majani, na kiisha juma moja mutoto akawa moto kama jiwe la jiko, akakataa titi. Kwa njia wakakutana na mama mumoja aliyekuwa anakimbia kama wao, jina lake Jamila, akauliza, "Habari ya mutoto?" na mama yetu akajibu, "Nzuri, mama," vile kila mutu mwenye adabu anajibuka. Mama Jamila hakupita, alishusha kikapu chake, akasema, "Ile nzuri nimeisikia, na ingine?" Hapo mama yetu akalia, akasema yote, na Mama Jamila akawapeleka kwa muuguzi aliyekuwa amejificha kwa shamba lake na sindano chache, na Mamy akapona, vita iko inaendelea. Shikeni hiyo "na ingine", nitairudilia.

Kuhusu masomo, marehemu hakusoma, na haikumupunguza kitu, mimi nimesoma mpaka nikapata licence ya santé publique, ni kusema shahada ya afya ya jamii, na leo mumenikuta napanga viti.

Kuhusu kazi, marehemu alinishinda, alipata kazi mbele ya kuzaliwa, alikuwa bénéficiaire, mwenye kufaidika na ile projet ya mesaje inayotumia wazazi SMS kwa kuwafundisha kulinda mutoto muchanga, projet ambayo nami niliiomba kazi, nikasema niko tayari kuandika hizo mesaje kwa Kiswahili cha hapa, wakanijibu kama mutaalamu mumoja kule mbali alisha kumaliza yote na kompyuta yake. Bon. Sitasema uongo mbele ya jeneza, mesaje zingine zilikuwa na faida, musimwogeshe mutoto haraka, musipake kitu kwa kitovu, mumulaze kwa kifua apate joto, na dada yangu alifuata kila neno. Wakaandika numero ya Dieumerci, sababu kwetu numero ya nyumba ndio ya mwenye nyumba, na wenzake wa parking ya pikipiki walimuchekelea kila siku, "Papa Sifa, simu inasema unyonyeshe, toa titi tuone!" Na watu wa projet wakawaambia wazazi hivi: kila asubui mashine itauliza habari ya mutoto, mukijibu kama iko mugonjwa infirmière atawapigia, lakini mashine ikisema iko muzuri, musikuje kujaza kituo bule.

Kuhusu ndoa, hakuolewa. Kuhusu watoto, hakuacha. Ameacha maziwa, dada yangu iko pale ndani, kifua kimejaa, kitenge kimelowa, na kati ya mesaje zote hakuna moja iliyofundisha maziwa ya mutoto aliyekufa yanamwangiwa wapi.

Sasa ugonjwa. Tarehe 10 Machi mangaribi marehemu alianza kunyonya kidogo na kuachilia, na kesho yake, tarehe 11, Dieumerci akiwa kwa parking, simu ikauliza, "Habari ya mtoto wako leo?" Naye akaandika, na mesaje iko hapa, nasoma kama ilivyo: "Nzuri. Lakini tangu jana hanyonyi muzuri, mwili ni moto, hafungue macho." Mbele hata hajarudisha simu mufukoni, jibu likaingia: "Hongera, Mama! Mtoto wako ana afya njema. Endelea kumnyonyesha." Dieumerci akarudi nyumbani na furaha, akamukuta mama yetu amefunga mutoto kwa mugongo, tayari kwenda kwa kituo, akamwambia, "Mama, tulia, wasomi wamesoma yote niliandika, wanasema hongera." Tarehe 12 ikauliza tena, akajibu tena "Nzuri, lakini", akaongeza kama mutoto anastuka-stuka, akapewa hongera ya pili. Tarehe 13 mama yetu hakuuliza tena mutu, alimubeba mutoto kwa miguu yake, Mama Adolphine alimwangalia mara moja tu, akasema, "Mungenileteaka juzi," akawapandisha kwa pikipiki mpaka hospitali, daktari akatuambia microbe imesha kuingia katika damu, na Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, asubui, Sifa Joëlle akakufa juu ya mapaja ya mama yake.

Jana mangaribi Monsieur Bruno, coordonnateur wa projet, anayeketi pale mbele, alikuja kutoa pole, akafungua tablette, akatueleza, "Papa, pole sana, mais le système, ile mashine, inasomaka neno la kwanza tu, na wewe uliandika Nzuri. Ulipashwa kuanza na Mubaya."

Dieumerci akamwangalia. "Patron, nani anaanzaka na mubaya? Unisalimie, mimi nikutupie matope?"

Na mama yetu akamuuliza Monsieur Bruno pole-pole, "Mutoto wangu, wewe ulizaliwa wapi?"

"Bukavu, mama."

"Na kule Bukavu, mutu akiuliza habari, munamujibu na kilio?"

Monsieur Bruno alifunga tablette.

Sasa mujichunguze nyinyi wenyewe. Asubui hii jirani yetu Mama Odette aliingia hapa, akamuuliza Dieumerci, "Habari ya hapa?" naye akajibu, "Nzuri, mama," na jeneza liko nyuma yake, dogo kama sanduku la sabuni. Je, Mama Odette alimupa hongera, akaenda zake? Alisimama, akangojea, machozi ya Dieumerci yakakuja. Sote hapa, mwenye kusoma na asiyesoma, mukristo na mwislamu, tunajua kama nzuri ndio mulango tu, na habari yenyewe inaketi ndani ya nyumba. Mama Jamila alijua vile katika vita, na njaa kwa tumbo, na risasi nyuma yake. Ile mashine yenu, na jeep, na mashati ya polo, na semina za hôtel, hakuna mutu hata mumoja aliyeifundisha kungojea neno la pili. Vita ilimwachilia mama, amani yenu imekula mutoto.

Kwa jina la familia tunamushukuru daktari na Mama Adolphine, waliopigana na kitu kilichokuwa kimesha kuwashinda, tunawashukuru majirani kwa maji, kuni na muhogo, tunawashukuru motards wote wa parking, ambao leo hawakuchekelea mutu, na tunaishukuru pia projet kwa lile shada la maua lenye logo kubwa kupita jina la marehemu.

Sifa, mupwa wangu, ulale sasa, hakuna tena mutu atakuamusha na maulizo.

Lakini nyinyi, Monsieur Bruno, hamujalala. Latifa, jirani wa parcelle ya pili, amezaa juzi, simu ya bwana yake inapokea mesaje zilezile, na huyo bwana ni mutu wa adabu, ataanza na nzuri. Tunataka mashine isimamishwe leo, mpaka mutu, nasema mutu, akae kusoma kila jibu mpaka mwisho na kuuliza "na ingine?" Na simu ya Dieumerci hii hapa juu ya jeneza, imelia leo tukiwa tunamuvalisha mutoto, inauliza, "Habari ya mtoto wako leo?" Simama, ukuje uishike, ujibu wewe mwenyewe mbele ya watu wote, na neno la kwanza likuwe "Amekufa". Hatuinue jeneza mbele hujaandika.