Kitufe cha Mbio

Wa asalaam aleikum nimewasalimu, wa Bwana asifiwe nimewasalimu, na nyinyi wa viti vya nyuma, niaje. Mama mwenyekiti, asante kwa nafasi. Umeniambia nisitaje mtu kwa jina na nisirefushe maneno. La kwanza nitaliweza.

Ndugu zangu, nimekaa katika chama hiki chetu cha walioumia muda mrefu nikisikiliza tu. Nimesikia mzee akitueleza alivyojifunza kutembea upya. Nimesikia mama akitueleza alivyorudi sokoni na mkono mmoja, na hadi leo hakuna mtu amewahi kumdanganya kwenye mizani. Mimi nikawa naona haya kusimama, kwa sababu ushuhuda wangu ni wa gemu. Ndiyo, gemu. Ile ya mpira, ya kwenye televisheni. Cheka tu mzee wangu, hata mke wangu pale anacheka.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi, nikaoa, nikahamia Umoja. Tangu utotoni sijawahi kuona kitu chenye skrubu nikakiacha salama. Nilifungua redio ya baba. Nilifungua pasi ya mama. Vyote nilivifunga tena, ingawa kuna skrubu zilizobaki mkononi na nikanyamaza. Nilipokua nikaanza kutengeneza kompyuta za majirani, na jioni nikitoka kiwandani, gemu. Mke wangu alikuwa akiwaambia dada zake kwamba ana mke mwenza, na huyo mke mwenza ana waya.

Hapo kwa chakula ndipo tulipokuwa hatuelewani. Ataniita, "Simamisha hiyo kitu ukuje ukule."

Mimi namwambia, "Hii haisimamishwi, nacheza na mtu mtandaoni."

"Basi mwambie huyo mtu wako ugali unapoa. Ama mwambie yeye ndiye akuje, wewe ubaki huko."

Kina mama, msipige makofi. Tumeshasameheana.

Sasa, kuna kibanda cha gemu pale mtaani kwetu, cha mama mmoja ambaye nitamwita tu Mathe. Kina mabati, viti vya mbao, televisheni kadhaa, na kelele ya kutosha kufufua mtu. Padi zake zote, yaani vile vifaa vya kushika mkononi vya kuchezea, nilikuwa nazitengeneza mimi. Ziliharibika sana sehemu moja: kile kitufe cha nyuma upande wa kulia, ambacho ukikifinya mchezaji wako anakimbia. Springi zake zikilegea nilikuwa natia springi za kalamu. Zilifanya kazi sawasawa, ila zilikuwa zinalia. Kwi, kwi, kwi. Ukipita nje ya kibanda ungedhani Mathe anafuga vifaranga.

Kibanda kile kina sheria moja kubwa. Ukifungwa tano bila, mchezo unakatwa hapo hapo, na watu wote wanasimama kukuimbia. "Mpeni kiti, amechoka. Mpeni maji, amechoka." Unatolewa nje kwa makofi, unakalishwa kwenye benchi, Mathe anakuletea kikombe cha maji, na ni lazima ukinywe. Hakuna anayesamehewa. Mchungaji aliimbiwa. Polisi mmoja aliimbiwa akiwa na sare. Hasimu wangu mkubwa, jamaa anayeuza nguo kwa jumla Eastleigh, nilimfanya aimbiwe siku ya Idd, mbele ya shemeji zake waliokuja kumtembelea. Hajanisahau.

Halafu ikaja siku ya kiwandani. Mashine ya kuunda plastiki ilinibana mkono wa kulia. Sitawapeleka huko, kwa sababu kila mmoja hapa ana mashine yake, na hatukuja kuziwasha tena.

Nilipozinduka hospitalini, daktari alinieleza kwa upole kwamba vidole viwili vimeenda, cha shahada na cha kati. Akaniuliza kama nina swali. Nikamwuliza kama nitaweza kushika padi. Hakuelewa. Mke wangu, machozi yanamtoka, ikabidi amweleze, "Ni ya gemu, daktari. Ni ya gemu. Tusamehe."

Nawaambia ukweli, halikuwa swali la upuuzi. Mtu akiogopa sana huuliza juu ya kitu kidogo anachokipenda, kwa sababu kile kikubwa hana nguvu ya kukitamka. Nilichotaka kuuliza ni kama bado ni mimi.

Nikarudi nyumbani. Wageni wakaja, Mungu awabariki, kila mmoja na mkate, maziwa na methali. Methali yenyewe ilikuwa moja tu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliisikia mpaka nikatamani kumwuliza mtu kama amewahi kumwona mhunzi akishika chuma cha moto kwa mkono mtupu.

Kidonda kilipopona nikajaribu padi. Gumba liko, linapiga pasi, linapiga shuti, halina shida. Lakini kile kitufe cha mbio hufinywa na kidole cha shahada, na cha shahada hakuna. Basi wachezaji wangu wote wakazeeka siku hiyo. Mpira unawapita, wanaufuata polepole kama watu wanaotoka msibani.

Vijana wa nyuma mnanong'ona, nawasikia. "Si angebadilisha mpangilio akihamishe kitufe upande mwingine?" Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu wa mtaa mzima jinsi ya kufanya hivyo. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Nilikataa. Nilikuwa nimekataa kukata kucha za ule mkono, nimekataa kuutazama nikioga, mnadhani ningekubali kukihamisha kitufe? Kukihamisha kulikuwa ni kusema kwamba vidole havirudi.

Watu wa kibandani wakaniita. Walikuja mpaka mlangoni. "Buda, tumekumiss, kuja tu ukae." Nikaenda. Mathe akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, nikapewa kiti cha mbele kabisa, nikapewa padi. Nikacheza. Nikashinda.

Nikacheza na wa pili, nikashinda. Wa tatu akakosa goli ambalo hata bibi yangu angefunga. Watu wakashangilia, "Ameiva! Bado ni yeye!" Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa natabasamu, mpaka nikasikia kitu. Tuseme nikakosa kukisikia. Hakukuwa na kwi, kwi, kwi. Hakuna padi iliyolia.

Nikamtazama niliyekuwa nikicheza naye, mikono yake. Kidole chake cha shahada alikuwa amekikunja kando, mbali na kitufe. Wachezaji wake walikuwa wanatembea, kama wangu. Walikuwa wamepatana wote, kabla sijafika, kwamba hakuna atakayekimbia. Walifikiria kila kitu, isipokuwa kwamba springi zile nilizitia mimi, na sauti yake naijua kama ya mtoto wangu.

Walifanya kwa mapenzi. Leo ninaweza kusema hivyo. Siku hiyo niliweka padi chini, nikasema mke wangu ananiita, nikaenda. Sikurudi. Gemu yangu ya nyumbani niliipandisha juu ya kabati nikaifunika shuka. Mtu akileta kompyuta nimtengenezee, namwambia siku hizi sitengenezi. Nilikuwa nalala mchana, na mke wangu akiniita kula, nakuja mara moja. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, vile nilivyokuwa nakuja mara moja.

Sikuwa nalilia vidole tena. Nilikuwa nimepoteza nafasi yangu pale. Mtu ambaye hakuna anayemkimbilia wala kumkimbia si mchezaji, ni mgonjwa aliyeletwa kutazama.

Sasa yule hasimu wangu hakuwa Nairobi wakati huo wote. Alikuwa Garissa akimuuguza mama yake. Aliporudi, mke wangu akampigia simu bila kuniambia. Jumapili mchana nikasikia hodi, akaingia, akaketi, akanywa chai yote akaomba nyingine. "Shemeji, chai yako iko sawa." Mimi hata hajanisemesha. Kisha akanigeukia.

"Warya," akaniita kwa Kisomali chake, "nasikia umestaafu."

Nikamwonyesha mkono.

Akaushika kwa mikono yake miwili. Hakuna mtu aliyekuwa ameushika hivyo, wote walikuwa wakiutazama kwa pembeni. "Nimeuona," akasema. "Pole sana, ndugu yangu. Nilikulilia huko, Wallahi, na mama alikuombea kitandani kwake. Sasa twende kwa Mathe."

"Siendi kuhurumiwa."

"Nani akuhurumie? Mimi? Nikuhurumie wewe, uliyenifanya niimbiwe mbele ya shemeji zangu siku ya Idd? Vaa viatu!"

Nilimtazama mke wangu anitetee. Alikuwa tayari ameshika viatu.

Tulipoingia kibandani watu waligeuka. Nikaona wakimkonyeza, wakimwonyesha kwa vidole jinsi ya kufanya. Akawapuuza. Mchezo ukaanza, na kitu cha kwanza nilichosikia ni kwi. Kwi, kwi, kwi, bila kupumzika. Jamaa alikuwa anakimbia! Alinipita kushoto, akanipita kulia, mabeki wangu wanatembea tu, kipa wangu anabaki peke yake na Mungu wake. Goli. Goli tena. Mathe akaita, "Aki si umhurumie kidogo!" Hakugeuka. Alikuwa ametoa ulimi nje kama mtoto anayeandika.

Tano bila.

Jamaa akasimama, akaanza kupiga makofi na kuimba peke yake. "Mpeni kiti, amechoka." Hakuna aliyeitikia. Wengine walitazama chini. Mathe alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Jamaa akaacha kuimba, akawageukia wote kwa hasira, na nawaambia sijawahi kumwona na hasira vile.

"Imbeni! Ama huyu si mtu wa hapa?"

Mtu mmoja akaanza. Akafuata mwingine. Halafu kibanda chote, mabati yanatetemeka, wananisukuma nje, wananipiga mgongoni, watoto wa nje wanakuja mbio kuona ni nani amefungwa. Wakanikalisha kwenye benchi, Mathe akaniletea kikombe cha maji, nikakipokea kwa mkono huu huu wa kulia, mbele ya watu wote. Nilikunywa nikilia na kucheka, maji mengine yakapitia puani. Tangu siku ya ajali sikuwa nimefurahi vile. Nilikuwa nimefungwa kama mtu.

Jamaa akaja akaketi kando yangu, akachukua kikombe akamalizia yaliyobaki. Akaniuliza, "Hicho kitufe utakihamisha lini? Kukufunga hivi hakuna raha."

Kesho yake nikashusha gemu kutoka juu ya kabati. Lakini mnajua mtu kama mimi hawezi kubadilisha mpangilio tu akatosheka, lazima afungue skrubu. Nikafungua padi, nikachukua mpini wa mswaki, nikaupasha moto ukapinda, nikautengeneza uwe wenzo mdogo unaosukumwa na kiganja ukakifinya kile kitufe. Mkono ulikuwa bado haujazoea kushika vitu vidogo, kwa hiyo mke wangu alinishikia waya huku mimi naziunga kwa risasi ya kuyeyusha. Alilalamika moshi unamwingia machoni, na bado hakuachilia. Ule mswaki ulikuwa wake, nikagundua nikiwa nimeshamaliza. Na wachezaji wangu wakakimbia, ndugu zangu. Wakakimbia!

Sijawa bingwa tena. Yule jamaa bado ananipiga, na ile siku moja niliyomfunga anasema jua lilikuwa linamwingia machoni. Lakini nilianza tena kutengeneza kompyuta za watu, kiwandani wakanipa kazi ya stoo, na mkono huu naukata kucha, zile zilizopo. Siku nilipokuja hapa mara ya kwanza nilikuja nikiwa mtu aliyekwisha kurudishwa nusu. Nyinyi mlimalizia.

Nataka kushukuru. Namshukuru Mungu, ambaye nilimkasirikia na hakunikasirikia. Namshukuru Mathe kwa maji. Nawashukuru wale walioacha kukimbia kwa ajili yangu, maana nao walinipenda, ila walikosea mlango. Namshukuru yule aliyekimbia. Na wewe mama watoto, usifunike uso. Ulipiga simu moja ukamwita adui yangu aje aniokoe, na nikikaa mezani na wewe siku hizi, huwa nachelewa kidogo kwa makusudi ili uniite mara ya pili.

Funzo langu ni fupi. Mwenzako akiumia, mlilie, umshike ule mkono ulioumia, umwogeshe ikibidi. Lakini ikifika siku ya kucheza, cheza naye. Mpe kazi, mkatalie, mbishie, mkasirikie akikosea. Huruma ikizidi humwacha mtu peke yake katikati ya watu.

Namalizia, mama mwenyekiti, naona unatazama saa. Kuna ndugu amekuja leo kwa mara ya kwanza, amekaa pale karibu na mlango, mkono mmoja uko ndani ya koti na nje kuna jua. Ndugu yangu, sijui unaitwa nani na sitakuuliza. Utautoa huo mkono siku utakayotaka. Tutautazama, tutakwambia pole, na tutamaanisha. Lakini hapa kwetu aliyefika mwisho ndiye huzungusha mandazi, na leo aliyefika mwisho ni wewe. Sinia liko jikoni. Ni zito kidogo, kwa hiyo shika vizuri, na uanze na wazee.