Hoja ya Tisa

Benchi la nje ya ukumbi wa mji wa Corbin, Vermont, lina wenyewe. Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mkutano wa mji, wenyewe hao hukaa hapo kwa hasira zaidi. Siku hiyo kila mkazi mwenye kura huingia ukumbini, husema lake na kupiga kura yake, na likishapitishwa limepita. Mwaka huu hoja nane zilikwisha kabla ya saa tano, mwenyekiti akatoa dakika kumi za kahawa, na wanne wakatoka juani na vikombe vyao vya karatasi, buti zao zimezama kwenye tope la theluji. Jaji hakuwahi kuwa jaji. Aliwahi tu kuitwa na mahakama, miaka mingi iliyopita, kuwa mmoja wa wananchi kumi na wawili walioamua kesi ya wizi wa trekta. Katiba hutembea na kijitabu cha katiba ya nchi kwenye mfuko wa shati. Siropu huchemsha utomvu wa miti kupata sharubati, na hunukia hivyo mwaka mzima. Wa nne alikuwa Orrin Thibault, wao humwita Ng'ambo, kwa sababu nyumba yake iko peke yake ng'ambo ya kijito.

Shida ilikuwa ya Orrin. Hoja ya tisa ilihusu daraja lake lililooza. Mkutano ukikubali, litatengenezwa. Ukikataa, linafungwa Aprili. Mkewe, Edith, hupita hapo mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu. Njia ya kuzunguka mlimani ni saa moja na nusu, na msimu wa tope hakuna gari linalotoka huko. Orrin alikuwa amekuja kuyasema hayo.

Jaji: Mmesoma tangazo? Eti halmashauri inashauri hoja ikataliwe. Nani kawaambia washauri?

Siropu: Watu watatu, bwana! Wamejifungia na biskuti zao, wakaamua Edith afie huko huko.

Orrin: Hawajaamua. Kura bado.

Jaji: Wewe Ng'ambo upole utakuua. Nchi hii ina mihimili mitatu. Mmoja unatunga sheria, mmoja unatekeleza, mmoja unahukumu, ili usipatikane wa kuikanyaga mingine. Sasa hawa wameiandika hoja wao, daraja watalifunga wao, na ukilalamika unalalamika kwao. Huo si ufalme huo?

Katiba: Afadhali ufalme. Mfalme alikuwa mbali, hawa nakutana nao dukani.

Siropu: Na wanakusalimia!

Katiba: Wanakusalimia kabisa, bila aibu! Ngojeni. (Akatoa kijitabu, akalamba kidole.) Marekebisho ya kumi ya katiba. Madaraka ambayo serikali ya Washington haikupewa ni ya majimbo, au ya wananchi. Nionyesheni neno daraja humu. Lipo?

Jaji: Halipo.

Katiba: Basi daraja ni la nani? La wananchi! Na wananchi ni nani?

Siropu: Si ndio sisi!

Kengele ikalia mlangoni, ya kuwarudisha watu ndani. Orrin akainuka. Jaji akamshika mkono wa koti.

Jaji: Kaa, mzee. Robo saa ya kwanza ni porojo tupu. Ukiingia bila hoja nzito watakumeza.

Orrin akakaa. Ukweli ni kwamba alishukuru. Tangu shuleni anaogopa kusimama mbele ya watu, na hapa palikuwa na watu watatu wanaofoka kwa ajili yake bila yeye kusema neno. Aliona raha kutetewa. Mlango wa ukumbi ukafungwa. Robo saa ikapita, wao bado wako kwenye benchi.

Siropu: Mimi nasema tujitoe.

Orrin: Tujitoe wapi?

Siropu: Marekani! Jimbo hili lilikuwa jamhuri peke yake miaka kumi na minne kabla ya kujiunga. Lina uzoefu. Ng'ambo yote ya kijito iwe nchi. Wewe rais.

Katiba: Katiba naandika mimi.

Jaji: Mimi jaji mkuu, na siondolewi mpaka nife.

Siropu: Rais akitaka kukuondoa?

Jaji: Athubutu! Orrin, utathubutu?

Orrin: Raia ni wangapi kwanza?

Katiba: Wawili. Wewe na Edith.

Siropu: Na ng'ombe.

Katiba: Ng'ombe hawapigi kura, acha ujinga. Ila watahesabiwa kwenye sensa.

Jaji: Mimi siwezi kuwa jaji mkuu wa ng'ombe!

Siropu: Basi uwe balozi! Cha maana ni hiki, jamani: kodi tunalipa, sauti hatuna. (Akapiga benchi, kahawa ikamrukia Katiba gotini.) Waasisi waliingia vitani kwa jambo hili hili! Nani anatusemea humo ndani? Nani?

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Renata Kowal, mwalimu aliyehamia mjini Oktoba, amejifunika sweta mabegani.

Renata: Mzee Orrin, pole sana.

Orrin: Pole ya nini?

Renata: Hoja ya tisa imekataliwa. Hamsini na wanane wamekubali, sitini wamekataa.

Siropu: Wizi!

Jaji: Irudiwe! Irudiwe sasa hivi!

Renata: Nimeomba. Mwenyekiti anasema hoja ya kumi ikishaanza, ya tisa haifunguliwi tena. Sasa wako kwenye vibali vya kufuga mbwa.

Katiba alifunua kurasa, mbele, nyuma, kisha akakifunga kijitabu.

Renata: Mwenyekiti ameuliza mara mbili kama kuna mtu wa ng'ambo anayetaka kusema. Nikasimama mimi. Nikasema kuna mama mgonjwa kule. Wakaniuliza anaumwa nini, anapita darajani mara ngapi, nikawa sijui. (Akawatazama mmoja mmoja, wote wanne.) Samahani, mimi mgeni. Nyinyi mlikuwa mnafanya nini huku nje?

Aliuliza bila kejeli, alitaka kujua tu. Siropu alianza kukwangua tope la buti yake kwa ukingo wa buti ya pili, kwa bidii, mpaka Renata akarudi ndani.

Simu ya Orrin ikaita. Ni Edith.

— Nimepigiwa simu, eti wameshaanza mambo ya mbwa. Wamesemaje ulipowaambia?

Orrin akawageuzia wenzake mgongo.

— Sikuwaambia, Edith. Nilikuwa nje.