Neno Ambalo Mwalimu Fredrick Magese Hakulisema

Mwalimu Fredrick Januarius Magese alikuwa na kanuni moja, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake anaijua: usiseme unajua jambo usilolijua. Aliishika darasani, aliishika ughaibuni, na aliishika mbele ya wazee wa ukoo huu. Wasifu huu utaeleza alivyoishika. Nimeombwa niufupishe. Sikuufupisha.

Marehemu alizaliwa hapa Kasoli tarehe 11 Agosti 1969, mkoa wetu ukiwa bado Shinyanga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Januarius Magese na Mama Veronica. Mama Veronica alifariki mwaka 1976, Fredrick akiwa hajaanza shule, na mimi Justina, mdogo wake, nikiwa bado nanyonya. Aliyetulea ni mke mdogo wa baba, Mama Felisita, ambaye hakujaliwa kuzaa. Alinibeba mgongoni, akamshika Fredrick mkono, akaenda kupalilia pamba. Jina hilo mlishike. Wengi mliokaa chini ya maturubai haya mmekula ugali wake.

Alisoma shule ya msingi Kasoli kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Akiwa darasa la tano mwalimu aliuliza kwa nini jiwe likirushwa hurudi chini, na darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Nguvu ya mvutano!" Fredrick akanyoosha mkono: "Na mvutano wenyewe unavuta kwa nini?" Mwalimu akamwambia, "Unavuta kwa sababu ni mvutano. Kaa chini." Alipenda kutusimulia kisa hicho akicheka. Alisema alikaa chini kwa heshima ya mwalimu, lakini tangu siku hiyo alijua kwamba kutaja jina la kitu si kukijua.

Aliendelea na sekondari Shinyanga, kisha kidato cha tano na cha sita Tabora. Mwaka 1994 alihitimu shahada ya sayansi na ualimu Dar es Salaam, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha fizikia katika sekondari moja ya hapa Bariadi. Mwaka 2000 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Italia.

Huko alichunguza swali ambalo wataalamu wa dunia nzima wanahangaika nalo. Kuna nguvu nne za msingi: mvutano unaotuweka ardhini, nguvu ya umeme na sumaku, na nyingine mbili zilizo ndani ya kiini cha atomu, moja kali na moja dhaifu. Swali ni kama nguvu hizi zilikuwa nguvu moja pale ulimwengu ulipokuwa ndio kwanza unaanza, mdogo na wenye joto lisiloelezeka, kisha zikatengana ulipopoa. Kwenye karatasi kila nguvu huchorewa mstari wake, na kadiri joto linavyopanda mistari husogeleana. Mchoro wa Fredrick ulionyesha mistari mitatu, ya nguvu zote isipokuwa mvutano, ikikutana kwenye nukta moja. Walimu wake walifurahi, na nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ikaandaliwa kwa ajili yake. Kabla ya kuwasilisha kazi hiyo aligundua kwamba alikuwa amekosea alama moja ndani ya hesabu. Alama ikirekebishwa, mistari ilipita karibu sana, lakini haikukutana. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliona kosa lile. Alilipeleka mwenyewe kwa mwalimu wake, na nafasi ikaenda kwa mtu mwingine.

Alirudi nyumbani mwaka 2002. Hapa watu walisema ameshindwa shule. Mke wake alimuuliza, "Mistari yako ilikosana kwa kiasi gani?"

"Kwa kidogo."

"Kidogo tu, baba Gloria?"

"Mama Gloria, kukaribia kukutana si kukutana."

Alirudi katika chumba kilekile cha darasa na akafundisha miaka ishirini na zaidi. Ubao wake aliugawa sehemu tatu, akaandika juu: TUNAJUA, TUNADHANI, HATUJUI. Kila somo aliliingiza humo. Kuhusu zile nguvu alipenda mfano wa pamba. "Pamba ikiwa shambani ni kitu kimoja," aliwaambia wanafunzi. "Ikipita kiwandani unapata nyuzi, mbegu, mafuta na mashudu. Asiyewahi kuona shamba ataapa kwamba vitu hivyo havina undugu."

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, mwenye kiwanda ni Mungu?"

"Hilo kamuulize padri. Ukiniuliza mimi utanidai ushahidi, nami sina."

Kisha aligeukia ubao. Kwamba nguvu ya umeme na sumaku huungana na ile dhaifu, aliandika chini ya TUNAJUA, kwa sababu mitambo ya Ulaya imelionyesha jambo hilo. Kwamba ile kali nayo iliungana nazo, aliandika chini ya TUNADHANI. Mvutano aliuweka HATUJUI. Aliwaeleza pia kwamba Japani wamejenga tangi kubwa la maji ndani ya mlima na kulitazama miaka na miaka, kwa sababu kama ile kali kweli iliungana na zile nyingine, huenda mara mojamoja chembe ndani ya maji yale itavunjika yenyewe. Mpaka leo hawajaiona hata moja.

"Sasa mwalimu, si waseme tu wameiona, warudi nyumbani?"

"Ndiyo maana wewe hawajakupa tangi."

Mwaka 1997 marehemu alifunga ndoa na Rhoda, muuguzi, binti wa wachuuzi wa samaki wa Kalemela. Siku ya kwenda kuposa, baba wa binti alimuuliza kama ana uhakika atamtunza binti yake. Fredrick akajibu, "Uhakika sina, mzee. Nia ninayo." Wajomba zake walioambatana naye walitaka ardhi iwameze. Mzee wa watu akacheka mpaka akafuta macho, akasema, "Huyu angalau hatatudanganya," na mahari ikashuka kwa ng'ombe wawili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gloria na Dastan.

Sasa nafika kwenye ugonjwa wake.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Hospitali moja ya Mwanza ilimpima na kukuta moyo umetanuka. Alipewa dawa, akazinywa, akaendelea kufundisha. Ukoo haukutosheka na maelezo hayo. Ndugu waliokwenda kwa nfumu, yaani mganga, walirudi na jibu kwamba anayemla Fredrick yuko ndani ya boma lake mwenyewe, ni mwanamke, na ni mzee. Katika boma letu mwanamke mzee ni mmoja.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mgonjwa akiwa na akili zake timamu, wazee hawawezi kumfukuza mtu aliyetajwa na nfumu mpaka mgonjwa mwenyewe atamke mbele yao kwamba anamtambua. Neno moja tu, "Namtambua." Na mkoa huu tunafahamu kinachowapata akina mama wa umri ule wakishatajwa na kufukuzwa. Siwezi kukisema mbele ya watoto waliopo hapa, lakini kila mtu mzima anakijua.

Kikao kilikaa mwezi Juni 2023, baada ya mavuno ya pamba. Baba mkubwa Bundala, kaka wa marehemu baba yetu na mkubwa wa ukoo, alianza kwa upole. "Mwanangu, hatukuombi ushike panga. Tunakuomba neno."

"Baba mkubwa, neno hilo sina."

"Unatuona waongo?"

"Nawaona mnadhani. Mimi sijui kama ni yeye, na ninyi hamjui."

Mzee akapandisha sauti. "Wewe ndiye unayewafundisha watoto wetu jinsi ulimwengu ulivyoanza! Ulikuwepo? Nani alikuwepo? Hayo ya juu unayajua, ya hapa jikoni kwenu huyajui?"

Fredrick alikuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Akajibu, "Joto la mwanzo liliacha mwanga, baba mkubwa. Umepoa sana, lakini bado upo pande zote za anga, na vipo vyombo vinavyoupima. Pale ambapo hapana alama, nawaambia watoto wenu kwamba hatujui, na aibu sioni. Nionyesheni alama aliyoiacha mama yangu, nami nitatamka."

Kijana mmoja wa ukoo akasema, "Alama ni wewe mwenyewe unavyokufa."

"Nakufa kwa moyo," Fredrick akamwambia. "Picha yake ninayo. Nikuonyeshe?"

Wapo waliocheka. Lakini kikao kilitoa hukumu: Mwalimu Fredrick ametengwa. Asipewe moto, asichotewe maji, asibebwe. Atakayekiuka atatoa ng'ombe dume. Baada ya hapo marehemu aliacha nyumba yake ya mjini, akarudi hapa Kasoli kuishi na Mama Felisita. Sababu aliniambia mwenyewe: kama kuna mtu atakayemjia mama, amkute yeye kwanza mlangoni. Rhoda alibaki mjini kwa ajili ya kazi na kuja siku za mapumziko. Kwa karibu miaka miwili mtu aliyewafundisha watoto wenu alipita kwenye njia hizi na watu wakageukia ukuta. Salamu ya "mwangaluka" iliyotolewa bure tangu mababu ilikosekana kwa ajili yake.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, pumzi zilimbana. Rhoda alikuwa zamu wodini na simu yake iko kabatini, kama kazi yake inavyotaka. Mama Felisita alitoka kwenda kuomba usafiri. Alikwenda kwa Sayi, mwenye pikipiki, mtoto wa binamu yetu, aliyefundishwa fizikia na marehemu mpaka akafaulu.

"Sayi, mwalimu wako anakata pumzi."

"Mayu, kikao kimekataza."

"Sikuombi kwa ajili yangu."

"Nikimbeba nitatoa ng'ombe. Ng'ombe nitamtoa wapi, mayu?"

Alikwenda nyumba nyingine, na nyingine tena. Nyumba ya mwisho walimfungia mlango wakiwa ndani, wanaonekana dirishani. Ndipo mwanamke huyu, ambaye ukoo ulisema anamla mtoto wake, alipofunga ng'ombe wa nyumbani kwenye mkokoteni, akamlaza mtoto wake humo, akatangulia mbele ya ng'ombe kwa miguu, akivuta kamba kwenye matope mpaka barabara kubwa. Basi dogo lililotoka Dutwa lilisimama. Abiria wasiotujua walishuka, wakampandisha, wakampa kiti cha mbele. Mwalimu Fredrick alifariki ndani ya basi hilo kabla ya kufika mjini Bariadi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Mama Felisita. Abiria mmoja alituambia kwamba neno lake la mwisho lilikuwa kwa yule mama: "Wabeja, mayu." Asante, mama.

Daktari aliyempokea alisema kwamba angefika mapema huenda angesaidiwa. Alisema huenda. Kwa heshima ya kanuni ya marehemu, sitasimama hapa niseme kwamba najua angepona. Hilo naliandika chini ya TUNADHANI. Chini ya TUNAJUA naandika kwamba aliombewa msaada kwa ndugu wa ukoo wake na ukoo ukakataa.

Jana baba mkubwa Bundala aliniita pembeni. "Justina, andika aliugua kwa muda mrefu. Inatosha. Msibani hatufukui mambo."

Nikamwambia, "Baba mkubwa, hapa tumekuja na majembe. Tunafukua."

"Utatuaibisha mbele ya padri."

"Padri nimemsomea. Ameniambia nisibadilishe."

Basi nawauliza ninyi mliokaa hapa. Nje ya boma hili leo kuna pikipiki nyingi kuliko nilizowahi kuziona Kasoli kwa siku moja. Asubuhi hii zote zimewaka. Mmeleta mchele, mmeleta kuni, mmechota maji, akina mama mmelia tangu barabarani. Vitu hivi vyote vilikuwepo Alhamisi. Mtu mliyemkataza asibebwe, leo mnagombania kubeba jeneza lake. Hamtalibeba. Litabebwa na walimu wenzake na wanafunzi wake. Sayi, nawe ulikuwa mwanafunzi wake; hilo ulipime mwenyewe.

Na wale ambao bado mnanong'ona kwamba kifo hiki kimethibitisha maneno ya nfumu: hakijathibitisha kitu. Mtu akizuiwa kwenda hospitali na ninyi, kisha akafa, msitafute mchawi jikoni.

Marehemu ameacha mama, Felisita, ambaye katika wasifu huu ameandikwa mama bila neno lingine mbele yake wala nyuma yake. Ameacha mjane, Rhoda, watoto wawili, Gloria na Dastan, mjukuu mmoja, mdogo wake, Justina, na wanafunzi ambao idadi yao hatuijui, kwa hiyo hatuitaji. Kuanzia leo Mama Felisita anakwenda kuishi kwangu Lamadi. Anayetaka kumfuata, mlango wangu unajulikana, na polisi wa Lamadi wanaujua pia.

Fredrick, kaka yangu, pumzika kwa amani uliyonyimwa nyumbani kwenu. Kanuni yako ilikugharimu shahada ya uzamivu, ukoo wako, na pikipiki moja ya kukufikisha hospitali. Mama ambaye hukukubali kumtaja yuko hai, amekaa hapa mbele.