Maman Marie-Jeanne na Sauti Zinazopotea

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, Maman Marie-Jeanne Mwamba atazima mashine zake kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya kunakili kaseti, Nyumba ya Sauti, hapa nyuma ya stesheni ya treni ya Gare du Midi, baada ya miaka ishirini na miezi tisa ya kazi. Tunampenda. Lakini jarida hili linasomwa na watu wanaomfahamu, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha: ametuchosha sana.

Alizaliwa Likasi mwaka 1937, akahamia Brussels mwaka 1972. Oktoba 1977 tulimwajiri kufunga kaseti kwenye maboksi. Kazi hiyo haikumfaa, kwa sababu hakuweza kuvumilia kufunga kitu kibovu. Fundi wetu wa wakati ule alirudi kutoka likizoni akakuta mashine ya kunakilia iko wazi mezani, skrubu zote nje. Alifoka mpaka akaishiwa pumzi. Kisha Maman akairudishia skrubu, akaiwasha, na ikafanya kazi vizuri kuliko fundi alivyoiacha mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtajia maboksi tena.

Sheria yake ilikuwa moja, nayo ndiyo iliyotumaliza. Kaseti haitoki mlangoni kabla hajaisikiliza kwenye spika kubwa, kwenye hedifoni, kwenye redio ya kaseti ya jikoni yenye spika moja, na kwenye gari la mkurugenzi wetu, Hervé. Mwaka 1989 Hervé alisimama dakika arobaini kwenye mvua, nje ya gari lake mwenyewe, na mkutano ukimsubiri mtaa wa Schuman. Alipogonga kioo alijibiwa, "Ngojeni kwanza, patron. Ba-soprano habasikilikane," yaani waimbaji wa sauti ya juu hawasikiki.

Waliomkera zaidi ni wanaorekodi nyumbani. Kila mmoja huingia na neno lilelile: kwangu sebuleni inasikika vizuri. "Alors," huwauliza, "kila muntu atanunua kaseti pamoja na salon yako?" Wengine walitoka kwa hasira, nasi pale mapokezi tukabaki kuwaomba radhi. Mimi peke yangu nimeomba radhi kwa niaba yake mara nyingi kuliko nilivyoomba kwa makosa yangu.

Halafu, mwaka 1992, wakaja Juma na Amira.

Ni mume na mke, wenyeji wa Buyenzi, Bujumbura, wanaoishi Ganshoren, hapa hapa Brussels. Majira ya kuchipua mwaka ule Amira alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, na daktari akamwonya kwamba huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Siku mbili kabla ya kulazwa aliimba sebuleni kwake wimbo wa kubembelezea watoto aliofundishwa na mama yake. Juma alipiga gitaa na kurekodi kwa maikrofoni mbili, mke amesimama katikati, yeye amekaa pembeni karibu na moja. Nakala ya kaseti wakaituma kwa posta kwa mama huyo, Bujumbura.

Upasuaji ulikwenda salama, ila sauti ilitoka ya kukwaruza, kama ya mtu mwingine. Wiki tatu baadaye mama akapiga simu kutoka dukani kwa jirani. Alikuwa ameisikiliza kaseti kwenye redio yake ndogo, na hakusikia mtu akiimba, gitaa tupu. Juma alimpa Amira simu aongee mwenyewe. Mama alisikiliza ule mkwaruzo, akasema, "Wewe si mutoto wangu. Mutoto wangu amekufa, munanificha." Akakata. Kesho yake shangazi mmoja akawaarifu kwamba mama ameanza kuulizia siku ya kusoma hitima.

Asubuhi iliyofuata walifika kwetu wakiwa na kaseti halisi mkononi. Juma alikuwa amekwisha kuamua kwamba watu wa posta wameifuta sauti. Maman aliiweka kwenye spika kubwa: Amira yumo, anaimba. Akaiweka kwenye redio ya jikoni: gitaa tupu. Amira alishika ukingo wa sinki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kile alichosikia mama yake.

"Hiyo redio ni mbovu," Juma akasema.

"Papa Juma, radio yangu haina ugonjwa," Maman akajibu. "Ni kaseti yako njo iko na ugonjwa. Mike zako, nani alifunga nyaya?"

"Mimi mwenyewe. Nimelehemu vizuri."

"Bon. Twende tuone hiyo vizuri."

Akavaa koti, akawapandisha basi mpaka Ganshoren, akaacha kaseti za kwaya tatu zikimsubiri mezani na mimi nikizijibia. Plagi ya pili alipoifungua alikuta nyaya mbili zimebadilishana mahali. Aliporudi alituchorea nyuma ya bahasha. Sauti ya Amira imeingia kila upande kwa nguvu sawa, lakini upande mmoja unaposukuma, mwingine unavuta. Ukiwa na spika mbili, utaisikia. Spika ikiwa moja, pande zote zinaingia humohumo na kufutana. Gitaa limepona kwa sababu lilikuwa karibu na maikrofoni moja tu.

Dawa yenyewe ilichukua dakika kumi: kugeuza nyaya za upande mmoja kwenye mashine na kunakili upya. Sauti ikatokea kwenye redio ya jikoni. Amira alilia, Juma akanyoosha mkono kuchukua kaseti, na Zaituni, jirani yao, alikuwa anasafiri kwenda Bujumbura kesho kutwa.

Maman akakataa kuitoa.

Alisema gitaa linaifunika sauti. Kwenye spika kubwa hatukusikia tatizo lolote, naye akatuambia ndiyo maana kaseti yao ilitumwa mbovu. Akapunguza sauti nene za gitaa, akanakili, akaenda jikoni, akarudi. Siku nzima. Kesho yake tena. Juma alikaa mapokezi akitikisa mguu. "Dada Hidaya, mwambie inatosha," aliniomba, "mama yule anatuombolezea tukiwa hai." Nilikwenda kumwambia. Niliongea kwa ukali, na leo naandika hivyo bila kujitetea. Hakugeuka. "Yule maman akisikia tu nusu," alisema, "atafikiri tumetafuta muntu mwingine wa kuimba."

Nikamwazima redio yangu ndogo ya kaseti, ya tano kwenye orodha yake. Jioni ya siku ya pili alimkabidhi Zaituni kaseti mbili zilizofanana, moja ya mkononi na moja ya kwenye sanduku.

Siku sita baadaye Juma alikuja mbio kazini kwetu, hana hata kofia. Mama alikuwa amepiga simu. Alisikiliza wimbo mara nne na majirani wakiwepo, kisha akamtaka Amira kwenye simu, akamwambia, "Umeruka mustari wa tatu. Tangu utoto unauruka."

Tulipiga makofi. Maman Marie-Jeanne akauliza kama gitaa lilisikika pia, au alilishusha mno.

Tangu mwaka ule hata sisi wengine hatukubali kaseti ya nyumbani itoke hapa bila kupita jikoni, na hakuna iliyorudishwa kwa sababu mwimbaji amepotea. Amewafundisha mafundi wanne, na wote sasa wanatukera kwa namna ileile.

Ijumaa tarehe 26 Juni, saa kumi jioni, tutakula na kunywa pamoja ukumbini. Kutakuwa na hotuba, na Hervé ameahidi iwe fupi. Mimi ninalo la kusema hapa, kwa sababu pale nitashindwa. Katika miaka hii yote, Maman, tulichokuambia mara nyingi zaidi ni kwamba ufanye haraka. Tunakuomba radhi kwa hilo. Tunakushukuru kwa kila kaseti uliyokataa kuitoa. Pumzika, uwe na afya, na maisha ya mbele yakuendee vyema, pole pole, kwa mwendo wako mwenyewe.

Hidaya, Mapokezi