Kisanduku Kisichosalimia

Kijiwe cha kahawa cha Ngosha, kando ya stendi ya Buzuruga, hakijawahi kushindwa na jambo. Tangu serikali ianze kuuza mashirika, wenye benchi lile wameshauza na kununua nusu ya nchi kwa midomo. Asubuhi hiyo alifika Masalu, karani wa kiwanda cha pamba kilichopata tajiri mpya, akaagiza kikombe kabla hajakaa. Makarani wenzake walishapunguzwa, naye aliogopa kwamba zamu yake imefika.

— Tajiri kaleta kompyuta, alisema Masalu. Akaniambia nikae nayo. Mara kwenye kioo kikatokea kisanduku: andika jina lako. Ndani hamna kitu, kimstari tu kinapepesa, kinanisubiri. Nimekiacha hivyohivyo.

— Umefanya la maana, alisema Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, akiwa mshtakiwa. Hayo ndiyo majina ya kupunguza.

Bagenda, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani, alikohoa kidogo.

— Kilikusalimia?

— Hapana.

— Basi. Mtu mzima unaulizwa jina bila hata habari za asubuhi? Kwetu Bukoba mgeni hujitaja kwanza. Kiache mpaka kijitambulishe.

— Na ukiandika, jina linapita kwenye waya wa umeme mpaka Ulaya, alisema Wakili. Linaajiriwa huko, wewe unabaki hapa huna kazi wala jina.

— Shemeji yangu mvuvi wa Nansio aliandika lake, alidakia Ngosha akimimina. Mpaka leo sangara wanamkwepa.

Masalu alishusha pumzi. Kumbe woga wake ulikuwa akili. Akaagiza kikombe kingine.

Ndipo akaja Odeta, mpiga chapa wa kiwanda kilekile.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Kaka Masalu, bosi kakutafuta mpaka kachoka. Kakuta kisanduku kitupu, kaniambia nikae mimi. Nikaandika Odeta, nikabonyeza sawa, mashine ikafunguka.

— Halafu? aliuliza Masalu.

— Kasema ofisini anabaki mmoja, anayeitumia hiyo mashine. Kwani wewe ulikuwa unasubiri nini?

Wakili alichungulia kikombe chake. Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Masalu alitaka kusema alikuwa anasubiri kusalimiwa, lakini aliona aibu. Akamnyooshea Ngosha kikombe. Ngosha akainamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa matupu.