Mashilingi Hayakutoka Saluni

Nawasalimu katika jina la Mungu aliyenipa ngozi moja tu, wala hakuniwekea nyingine ya akiba. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele ya watu ninasahau, na pengine hata nilichoandika hakijakaa vizuri. Niliishia darasa la saba. Mtanivumilia.

Mwaka jana wakati wa mvua nilitokwa na mviringo mwekundu hapa, kwenye paji la uso, unawasha ajabu. Ukaingia kwenye nywele. Mwingine ukatokea ndani ya mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Nikaona ni mashilingi, ile choa ya mviringo kama sarafu. Lakini mtu mzima anapata mashilingi? Si ni ya watoto wa shule?

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesukwa saluni. Ndugu zangu, sikutafuta ushahidi mwingine. Aliyenisuka mnamjua, simtaji. Nilisema hapa hapa kwenye maombi, tukinywa chai, "Kitana chake kimenipa ugonjwa." Sikupaza sauti. Nilisema polepole, kama mtu anayewahurumia wenzake, na nafikiri ndiyo maana mliniamini. Haukuisha mwezi, mkawa mnasukwa kwingine. Yeye akaacha kuja maombi.

Mimi nikaenda duka la dawa, nikaomba ile krimu ya kumaliza kuwashwa haraka. Simlaumu aliyeniuzia. Aliniuliza kama nimeonwa na daktari, nikadanganya. Siku ya tatu kuwashwa kukaisha, nikamsifu Mungu mapema! Nikaendelea kupaka. Ule mviringo ukapoteza ukingo wake, ukawa wekundu tu usio na umbo, ukashuka mpaka shavuni. Nikipaka, unatulia huku unatambaa. Nikiacha, ni moto. Nikienda sokoni Njoro nikawa navaa leso mpaka kwenye nyusi.

Mume wangu akachoka. "Mama watoto, hata ng'ombe wanauliza wewe ni nani. Kesho ni hospitali."

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Kabla hajauliza kitu nikamweleza habari za saluni na za krimu, yote. Alimulika, akageuza kichwa changu huku na huku, akaushika mkono wangu bila kuogopa.

"Mathe, unafuga?"

"Ng'ombe wawili na ndama."

"Unakamua kwa mkono? Hebu nionyeshe vile unakaa."

Nikaona aibu, lakini nikavuta kiti karibu na meza yake. Mnajua tunavyokaa. Nikainama, nikaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, kama ubavu wa ng'ombe.

"Na ndama akinywa maziwa kwa ndoo unamshika aje?"

Nikamkumbatia shingo, hewani, kwa mkono wa kushoto.

Akatabasamu. "Sasa niambie, hao wanyama wana mabaka ya kijivu, makavu kama majivu?"

Ndama alikuwa nayo, machoni na shingoni. Mama yake alikuwa nayo ubavuni. Nilikuwa nimeyaona nikidhani ni matope.

Nawaambia, mtu ambaye hajawahi kukanyaga boma langu alisoma kazi yangu ya kila asubuhi kwenye mwili wangu. Ninapoegemea, mkono ninaotumia, yote yalikuwa yameandikwa, na mimi niliyeivaa ngozi hii miaka hamsini na mbili sikujua kuisoma. Hata leo nikiwaza hilo nasisimka.

Alikwangua ngozi kidogo ili ipimwe, ikapatikana ni kuvu, ile inayotoka kwa ng'ombe. Akasema ile krimu si mbaya, ina magonjwa yake inayotibu, ila kwangu ilinyamazisha ngozi iliyokuwa ikipigana, kuvu ikabaki bila wa kuizuia. Akanipa vidonge kwa sababu ilikuwa imefika kwenye nywele, na dawa ya kupaka, nisiache mpaka yeye aseme. Wanyama wakatibiwa na daktari wao. Na ngozi ikarudi. Sijui inajuaje pa kurudi, lakini ilirudi, ikaziba kila mahali.

Nikaenda saluni. Alikuwa peke yake, anafagia sakafu isiyo na nywele.

"Nimekuja kukwambia haikuwa wewe."

"Najua haikuwa mimi. Vitana vyangu nalowesha kwa dawa kila jioni. Ungeuliza."

"Nisamehe."

Akaegemea ufagio. "Mama, ulinisema mbele ya watu ishirini. Sasa unaniomba msamaha tukiwa wawili?"

Ndiyo sababu nimeomba nafasi leo.

Namshukuru daktari yule, na mume wangu, na hata yule wa duka la dawa aliyejaribu kuniuliza. Mimi si wa kufundisha mtu, lakini ukitoka kwa ng'ombe nawa mikono na uso kwa sabuni, ujikaushe vizuri, taulo iwe yako peke yako. Ukiona mabaka kwa ndama, vaa mikono mirefu, uite daktari wa mifugo. Ngozi ikiwasha, usikimbilie kuinyamazisha kabla ya kujua inasema nini. Na usitafute mwenye makosa kabla hujapimwa.

Dada yangu aliyenisuka ameketi pale nyuma. Hajasema kama amenisamehe, na sitaki alazimishwe kwa kupigiwa makofi. Haikuwa yeye. Mliisikia kwangu ile ya kwanza, sikieni na hii. Daktari ameniruhusu kusukwa tena, na Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, kama atanifungulia.